MBELE YA KULIPA MINERVALI: JE, TUINGIE KATIKA CHUO CHA UUGUZI CHA MUTU BINAFSI?



Namba hii inatoka wakati wafinalisti wa kalasi ya sita wanajitayarisha kwa Egzameni ya Leta. Kila jioni tunaulizana: kisha hapa, tutaenda wapi? Wengi wetu wa Kemia-Biolojia tunajibu: uuguzi. Ni jibu muzuri. Wagonjwa hawakosekani, na kazi ya kuwasaidia ni kazi ya heshima.

Lakini mwezi uliopita bwana mmoja alifika na pikipiki kwa mulango wa masomo yetu, akagawa vikaratasi vya rangi vya chuo kimoja kipya cha uuguzi. Karatasi ilisema: hakuna konkuru, miaka mitatu tu, kazi mara moja, na yule atakayejiandikisha mbele ya mwisho wa mwezi atapunguziwa bei. Siku ile ile rafiki mmoja wa kalasi yetu aliipeleka nyumbani. Baba yake aliisoma mara mbili, kisha akaanza kutafuta mutu wa kununua ngombe yake. Ngombe ile ni moja tu.

Ni juu ya ngombe ile tunaandika kipande hiki. Hatusemi kama vyuo vyote vya watu binafsi ni vibaya, wala kama vyote vya Leta ni vizuri. Tunasema neno moja: chuo cha uuguzi hakipimwi kwa rangi ya ukuta wala kwa bei ya karatasi. Kinapimwa pembeni ya kitanda cha mugonjwa, na kwa milango ambayo diploma yake inafungua.

I. NAMNA MASOMO YA UUGUZI YAMEPANGWA

Wengine wanachanganya majina, hivi tueleze kwanza. Katika inchi yetu kuna njia mbili kubwa.

Njia ya kwanza ni ITM, yaani Institut Technique Médical. Wengine wanaiita IEM. Hii ni shule ya sekondari. Mutoto anaingia kisha kumaliza kalasi ya 7 na ya 8, anasoma miaka mine, na anatoka na daraja tunaloita A2. ITM iko chini ya Wizara ya Afya, na egzameni ya mwisho inasimamiwa na juri ya inchi nzima. Wadogo zetu wa kalasi ya 8, neno hili linawaangalia ninyi.

Njia ya pili ni ISTM, yaani Institut Supérieur des Techniques Médicales, pamoja na vyuo vingine vya juu vyenye kufundisha uuguzi. Huko wanaomba Diploma ya Leta. Vyuo hivi viko chini ya Wizara ya Masomo ya Juu, ile tunayoita ESU. Zamani mutu alisoma miaka mitatu akapata gradua (A1), na kama alitaka aliongeza miaka miwili ya lesansi (A0). Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 Serkali ilianza kuingiza mupango wa LMD: lesansi miaka mitatu, masta miaka miwili. Hivi, kama chuo kingali kinaahidi gradua kwa mwanafunzi mupya, uliza vizuri kinafuata mupango gani.

Kisha diploma kuna mulango mwingine. Sheria namba 16/015 ya tarehe 15 Julai 2016 iliunda Ordre des Infirmiers, ndiyo jamaa ya wauguzi yenye kulinda kazi yao. Muuguzi anapashwa kuandikwa pale mbele ya kufanya kazi. Hapa ndipo wengine wanaamka usingizini: wanaleta karatasi yenye kashe tatu na picha, wanaambiwa chuo hakijulikani.

II. LETA, KANISA, NA MWENYE MALI

Zamani mambo haya hayakutengana sana na lopitali. Pale Yakusu, karibu na Kisangani, Muganga Clement Chesterman wa misioni ya Wabatisti wa Uingereza alifika mwaka 1920, wakati ugonjwa wa usingizi ulikuwa unamaliza watu. Yeye peke yake hakuweza kufika kila kijiji. Hivi aliwafundisha vijana Wakongo kazi ya uuguzi, nao wakaenda kushika dispensere za vijiji. Kalasi yao ilikuwa lopitali yenyewe. Pale Kimpese, katika Kongo Central, misioni mbalimbali za Kiprotestanti ziliungana mwaka 1950 wakaanzisha Institut Médical Evangélique: lopitali na shule ya wauguzi pahali pamoja. Nyankunde, katika Ituri, ilifuata njia ile ile. Hata London, Florence Nightingale alipoanzisha shule yake mwaka 1860, aliiweka katika lopitali ya St Thomas. Wagonjwa walitangulia, shule ikafuata.

Mwaka 1971 Serkali ilitwaa vyuo vikuu vya inchi, kile cha Wakatoliki cha Lovanium na kile cha Waprotestanti cha Kisangani pia, ikaviunganisha kuwa UNAZA. Mwaka 1989 ruhusa ya kufungua vyuo visivyo vya Leta ilirudi. Tangu hapo vyuo vimeota sawa uyoga kisha mvua.

Leo tunaona aina tatu. Kuna chuo cha Leta. Kuna chuo cha kanisa ao cha shirika, ambacho faida yake inapashwa kurudi ndani ya kazi. Na kuna chuo cha mwenye mali, ambaye aliweka feza yake na anangojea irudi pamoja na faida. Zote mbili za mwisho zinaitwa "binafsi" kwa karatasi, lakini si sawa. Usiulize tu kama chuo ni binafsi. Uliza: feza inayobaki mwisho wa mwaka inaenda kwa nani? Inanunua vifaa vya mazoezi, ao inanunua jengo lingine la kuandikisha watu?

Tusiwe wasengenyaji. Kutafuta faida si zambi. Mwenye duka anatafuta faida na tunakula chumvi yake. Vyuo vya Leta navyo viko na magonjwa yao: kalasi zinajaa mpaka kwa dirisha, walimu wanagoma, na minervali inalipwa vilevile. Kuna vyuo vya binafsi ambavyo vimetoa wauguzi hodari. Lakini hatari ya faida katika uuguzi iko na mzizi wake, na ni vizuri tuuone.

III. NANI ANALIPA KOSA?

Mwenye duka akiuza sabuni mbaya, wewe unaona siku ile ile na harudii kukupata. Lakini mwanafunzi anayefundishwa vibaya hajui kama anafundishwa vibaya. Anajua siku ako peke yake usiku na mugonjwa. Na siku ile mwenye kulipa kosa si mwenye chuo, si mwanafunzi. Ni mugonjwa.

Tutwae mufano mudogo. Daktari ameandika kwa mutu mukubwa: seramu 1 000 ml kwa saa 8. Mupira wa seramu unatoa matone 20 kwa kila ml. Je, matone mangapi kwa dakika? Tunahesabu: 1 000 mara 20 ni matone 20 000. Saa 8 ni dakika 480. Tunagawa 20 000 kwa 480, tunapata 41 na kitu, tunaweka matone 42 kwa dakika. Hesabu ya kalasi ya nane. Lakini kama muuguzi hakuzoea kuifanya mbele ya mwalimu mukali, anafungua seramu kwa macho tu. Kama mwenye kulala pale ni mutoto mudogo, na anapokea maji mengi kwa mbio, maji yanajaa mapafu na mutoto anaweza kufa mbele ya asubuhi.

Sasa waza chuo ambacho feza yake yote inatoka kwa minervali. Mwanafunzi akianguka hesabu ile, anaondoka. Akiondoka, feza inaondoka naye. Hivi kila mwisho wa mwaka mwenye chuo anajaribiwa kupitisha kila mutu aliyelipa. Mutu mwema atashinda jaribu lile. Mwingine atashindwa. Ndiyo sababu lazima kuwe mutu wa inje mwenye kupima: Wizara, juri, lopitali, Ordre. Chuo chenye kukimbia macho ya inje kinakimbia kwa sababu fulani.

IV. HATA MAREKANI

Wengine watasema haya ni mambo ya inchi maskini. Hapana. Marekani, pahali wandugu zetu wengi wa Kivu wamepelekwa kama wakimbizi, vyuo vya faida ni vingi, na vingi vinafundisha uuguzi. Huko ngombe yao ni deni: mwanafunzi anakopa kwa serkali, analipa chuo, kisha analipa deni miaka na miaka.

Chuo kimoja kikubwa, ITT Technical Institute, kilikuwa na majengo katika majimbo mengi, na uuguzi ulikuwa kati ya masomo yake. Mwezi wa Septemba 2016 kilifunga milango yote pamoja. Wanafunzi zaidi ya 30 000 walibaki inje, na wengi walikuta vyuo vingine havikubali masomo waliyokwisha kulipia. Mwezi wa Agosti 2022 serkali ya Marekani ilifuta madeni ya dola bilioni 3,9 kwa watu 208 000 waliosomea pale, kwani ilionekana kama walidanganywa juu ya kazi watakayopata na juu ya kuhamisha masomo yao.

Tena mwezi wa Januari 2023, katika jimbo la Florida, watu 25 walishitakiwa. Diploma za uuguzi zaidi ya 7 600 zilikuwa zimeuzwa kutoka vyuo vitatu kwa watu ambao hawakumaliza masomo wala staji inayotakiwa. Na wengine wao walikwisha kuingia kazini.

Wandugu walio kule, wakitaka kusoma uuguzi, wako na faida moja ambayo sisi tunaitamani: kila jimbo liko na baraza la wauguzi, nalo linaonyesha wazi vyuo vyenye ruhusa, na mara nyingi linaonyesha pia wanafunzi wangapi wa kila chuo walishinda egzameni ya NCLEX. Na karibu yao mara nyingi kuna chuo cha serkali cha miaka miwili chenye bei ndogo kupita kile cha faida. Mutu anayekusukuma kutia sahihi ya deni leo leo, mbele hujaangalia mambo hayo, si rafiki yako.

V. MAULIZO SITA

Sisi hapa hatuna orodha kama ile mukononi. Lakini tuko na miguu na kinywa. Tumekusanya maulizo sita. Chukua karatasi, uyaandike, uende nayo.

1. Arete iko wapi? Chuo cha haki kiko na arete ya Waziri. Usiridhike na kusikia kama iko. Omba kuiona, na usome mambo matatu: jina la chuo, muji, na filiere. Arete ya laboratware haifungui filiere ya uuguzi. Arete ya muji mmoja haifungui tawi katika muji mwingine. Andika namba na tarehe yake, uende kuuliza kwa Divizio ya Afya ya provinsi kama ni ITM, ao kwa watu wa ESU kama ni chuo cha juu. Wakikuambia "dosie iko Kinshasa", maana yake ni: bado. Wizara ilikwisha kufunga vyuo zaidi ya mara moja, na wanafunzi wake walibaki na bordero mukononi.

2. Staji ni kwa lopitali gani? Hapa usiulize chuo, uliza lopitali. Kuna mapatano ya maandishi? Nani anasimama pembeni ya mwanafunzi anapopiga shindano mara ya kwanza? Wanafunzi wangapi kwa kitanda kimoja? Kama wanafunzi kumi na tano wanazunguka mugonjwa mumoja, wawili wanajifunza na wengine wanaangalia migongo.

3. Walimu wanaishi wapi? Mwalimu mugeni anaweza kuwa hodari sana. Lakini kama wote wanakuja siku tano, wanamaliza buku zima, na wanaondoka, nani atakuonyesha tena kazi uliyokosea?

4. Wangapi walianza, wangapi walimaliza, wako wapi leo? Tafuta watu watatu waliomaliza pale. Usitwae wale ambao direktere anakuonyesha. Wauliza kama diploma yao ilifika kweli, na kama Ordre iliwaandika.

5. Tukiondoka katikati, tutaondoka na nini? Vita, ugonjwa, kifo cha mulezi: tunajua mambo haya. Uliza kama kila mwaka unapata karatasi ya kote zako yenye sahihi, na kama chuo kingine kinaipokea. Kila bordero na kila karatasi ya kote uiweke pahali pakavu, na kopi kwa mutu mwingine.

6. Bei yote ni ngapi? Si minervali tu. Yote.

VI. HESABU YA FAMILIA

Tufanye hesabu ya mufano. Hii si bei ya chuo fulani, ni kujifunza kuhesabu tu.

Tuseme kikaratasi kinasema dola 350 kwa mwaka. Baba anahesabu 350 mara 3, anapata 1 050. Lakini ongeza kujiandikisha 30, silabusi 60 kwa mwaka, yaani 180, buluzi na vifaa 80, staji 100 kwa mwaka, yaani 300, kutetea kazi ya mwisho 150, diploma 100. Yote inafika dola 1 890. Tena mwanafunzi anakula na kulala: tuseme 50 kwa mwezi, miezi 10, miaka 3, ni 1 500. Sasa tuko kwa 3 390. Ngombe ilikuwa ya kuanza, haikuwa ya kumaliza. Na masomo yasiyomalizwa ni hasara kupita masomo ambayo hayakuanzwa.

Tuseme na ukweli juu ya kazi. Wauguzi wengi wa inchi yetu wanafanya miaka bila namba ya matrikule, bila mushahara wa Leta, wanaishi kwa kisehemu kidogo cha kile wagonjwa wanalipa. Hivi mutu akikuambia "kazi mara moja", umuulize: kazi wapi, na nani atalipa? Tunasema hivi si kwa kukatisha mutu moyo. Ni ili asiingie na deni ambalo kazi haitaweza kulipa.

Kama njia zote zimefungwa mwaka huu, kungoja si haya. Wengine walifanya mwaka moja wa kazi, wakaweka akiba, wakaingia chuo chenye lopitali.

VII. NGOMBE ILIFIKA WAPI?

Rafiki yetu aliomba baba yake siku saba tu. Siku ya posho tulienda naye kwa lopitali ambayo jina lake liliandikwa kwa kikaratasi. Tulipokelewa na mama mumoja, mukubwa wa wauguzi. Alicheka kidogo, kisha akatujibu:

— Batoto ya kile chuo? Balikuya hapa mara moja, na barua ya kuomba. Tangu ile siku hatuyabaona tena. Hakuna mapatano.

Kisha tulienda kuuliza juu ya arete. Arete ilikuwako kweli, lakini ilikuwa ya filiere ingine. Uuguzi haukuandikwa pale.

Tuliporudi, rafiki alieleza baba yote, na karatasi ya maulizo mukononi. Tuliogopa mzee atakasirika. Alinyamaza, akaangalia inje, akasema:

— Basi ngombe ingoye. Yeye hana haraka ya kuuzwa.

Leo rafiki yetu anatafuta habari ya vyuo viwili: kimoja ni cha Leta, kingine ni cha binafsi lakini kiko na mapatano na lopitali, na wanafunzi wake tuliwaona kwa macho wakipima wagonjwa joto na kuandika. Hajachagua bado. Tutaandika habari yake katika namba ingine, Mungu akipenda.

Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Bwana Yesu anatukumbusha mujenzi mwenye akili: hatii jiwe la kwanza mbele ya kuhesabu kama ataweza kufikisha jengo juu. Kuhesabu si kukosa imani. Mutu anayetaka kushika uzima wa wengine mukononi aanze kwa kufungua macho juu ya njia anayoingia.

Wafinalisti wapendwa, tunawatakia egzameni njema. Na yule ambaye alikwisha kuuliza maulizo haya kwa chuo fulani atuletee majibu yake, tutayatia katika buletini kwa faida ya wadogo zetu.

Kwa kamiti ya buletini,
Mwanafunzi wa kalasi ya 6, Kemia-Biolojia